Evaline, Mtani Aliyekataa Kutoka Kaburini

Evaline hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Ukifika kwenye meza yake ya viazi ukaanza kuchaguachagua kwenye sado la kupimia, anakutazama kwanza, halafu anakuuliza, "Unatafuta mchumba humo?" Ukimwambia viazi vyake vidogo, anakujibu, "Kwani mdomo wako una ukubwa gani?" Wateja wageni walikuwa wanaondoka wamenuna. Sisi wa Matogoro tulikuwa tunalipa, tunacheka, tunarudi nyumbani na viazi vyetu na matusi yetu.

Alikuwa Mbena wa Njombe. Songea aliletwa na mume Mngoni, fundi wa kuchoma tofali, ambaye baadaye alivuka kwenda Msumbiji kutafuta madini na hakurudi. Ndugu zake walimpigia simu arudi kwao, akawaambia viazi vya Njombe vinauzika vizuri zaidi mahali ambapo havilimwi. Alipanga chumba kwenye nyumba tunayokaa sisi, kinatazamana na changu. Bomba ni moja, kamba ya kuanikia ni moja, kwa hiyo nilimjua kuliko nilivyotaka. Nikiwa naogesha mtoto uani, yeye amekaa kwenye kigoda anachambua mboga, anasema bila kuinua uso, "Wewe mla panya, mtoto anaingia maji sikioni." Nikitazama, kweli yanaingia.

Niseme kidogo kwa wasiojua. Mbena na Mngoni ni watani, na mimi ni Mngoni, ndiyo maana nilikuwa mla panya. Mababu walipigana vita, wajukuu wakabaki na ruhusa ya kutukanana. Mtani akikutukana hununi. Akichukua kuku wako unamfuata huku unacheka. Kwenye msiba ndiyo ana kazi kubwa, maana anakuja kuvuruga kilio ili watu wapate kupumua. Anamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anaficha mifuniko ya masufuria, anazuia jeneza njiani, hata kaburini anaingia na kulala mpaka ndugu wamkomboe kwa chochote, kuku au mche wa sabuni. Na nyinyi wafiwa hamruhusiwi kumgusa kwa hasira. Kwetu mtani akipigwa makaburini, mazishi yameharibika. Hakuna anayeshika jembe tena mpaka wazee waketi na kuyatengeneza.

Kila msiba wa Kingoni mtaani kwetu Evaline alikuwepo. Anafunika meza yake kwa turubai, anajipaka majivu usoni, anavaa suruali ya mume wake aliyepotea, mbele nyuma, anakuja. Watu walikumbuka vituko vyake tu. Mimi nilikuwa naona pia kwamba wengine wakishakula wali na kuondoka, yeye ndiye anabaki anasugua masufuria, na mara nyingi yeye ndiye analala chini kwenye mkeka na mfiwa mpaka ndugu wa mbali wafike.

Sasa mtaani kwetu alihamia mtu mmoja anaitwa Brayson. Jina hilo walimwita polisi tu. Sisi tulimwita Landani kwa sababu alikulia Uingereza. Alichukuliwa mdogo na shangazi yake, akakua huko, akafungwa huko, wakamchoka wakampandisha ndege. Kwa nini alichagua Songea hakuna aliyemwuliza. Waliojifanya wanajua walisema ni barabara ya Tunduru, kwamba unga ukitoka mpakani lazima ulale mahali kabla ya kwenda mbele. Sisemi unga wa ugali. Nasema ule unaowafanya vijana wasimame barabarani wamejikunja, kama wanatafuta sindano iliyodondoka.

Alivaa koti refu jeusi hata jua likiwa kali. Kiswahili alikijua, ila ni kama alikinunua kikiwa kimeshatumika. Alimwita mzee "wewe" na mtoto "wewe", na akiamkiwa shikamoo na mtoto anajibu "poa". Jioni alikaa kwenye kibanda cha chipsi akisimulia habari za kwao kule. "Kule mtu akiniongelea vibaya," anasema, "wanamwokota mtoni." Halafu anatabasamu, anawalipia watu wote soda. Watu walikunywa.

Baada ya yeye kuja, kamba yetu ya nguo ikaanza kubaki na vibanio tu. Bomba la uani liling'olewa koki. Siku moja nimembeba mwanangu mgongoni, kijana akapita mbio, akamvua kofia ya sufu kichwani. Niligeuka nikamtambua. Nilisoma naye darasa moja, alikuwa ananisaidia hesabu.

Landani alikuwa na mtu wake wa nguvu anaitwa Daimu, Myao wa Tunduru, zamani mpakizi wa magunia ya korosho. Hakuwa anapiga kelele. Niliwahi kumwona akimvunja kijana mkono kwa mlango wa gari. Aliufunga ule mlango taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Na alikuwa na Selestine. Huyu alikuwa kijana wetu, Mngoni, mume wa Asumpta. Alipewa pikipiki na Landani, akawa anakwenda Tunduru na kurudi na mzigo chini ya kiti. Asumpta na mimi tulijifungua miezi ya karibu, tulikuwa tunakwenda kliniki pamoja. Siku moja kwenye foleni ya mizani akaniambia kwa sauti ndogo, "Selestine amemwambia anamrudishia pikipiki yake. Ameshakuwa baba, hataki tena."

Nikamwuliza, "Na Landani amesemaje?"

"Amecheka."

Wiki iliyofuata Selestine alirudishwa akiwa kwenye jeneza.

Lilikuwa jeneza zuri kuliko yote yaliyowahi kuingia mtaani kwetu, limepakwa vanishi, vishikio vya kung'aa, na kifuniko kimekazwa kwa skrubu pande zote. Walilishusha kwenye gari la Landani mchana watu wakiona. Yeye mwenyewe alisimama uani mikono mfukoni.

"Ajali," alisema. "Aliingia chini ya lori barabara ya Tunduru. Ameharibika. Msifungue. Mchele, maharage, gari, kila kitu juu yangu. Kesho asubuhi mnazika."

Asumpta alitoka ndani na kanga moja mabegani. Hakuwa analia bado. Alisema, "Naomba nimwone."

"Nimesema ameharibika."

"Hata mkono."

"Wewe husikii?"

Asumpta akamgeukia Mzee Otto. Mzee Otto ndiye baba mkubwa wa Selestine na ndiye mkubwa wa ukoo pale mtaani. Ni mtu mrefu, msoma somo kanisani, mtu ambaye akisimama watoto wanaacha kucheza. Siku ile alitazama viatu vyake. Akasema, "Mwanangu, bosi ametusaidia sana. Tumpumzishe kijana." Wanaume wengine nao wakatazama viatu vyao.

Kwetu mtu hazikwi bila kuagwa. Jeneza linafunguliwa, watu wanapita, mke anapita wa mwisho. Hata walioungua huwa wanaonyeshwa mahali, mguu au nywele, mfiwa apate kuamini. Kila aliyekuwa pale alijua hivyo. Na kila mmoja alijua pia kwamba lile lori hakuna aliyelitaja namba, wala dereva, wala kijiji ilipotokea ajali.

Jikoni wanawake walikuwa hawana huruma. Tulikuwa tunachambua mchele wa Landani, Halima mwenye genge la nyanya akasema kwa nguvu, mlango wa mfiwa uko wazi, "Alipokuwa analetewa vitenge vipya mbona hakuomba kuona vilikotoka?"

Mwingine akadakia, "Mwanangu anavuta huo unga mpaka ameuza mabati ya choo. Leo mimi nimlilie nani?"

"Mlilie choo," akasema Evaline. Alikuwa amesimama mlangoni na gunia la viazi begani, uso mweupe kwa majivu. Watu wakacheka kidogo, cheko la kulazimisha. Akatua gunia, akachota kijiko cha maharage, akaonja, akatema. "Nyie wala panya, hata mkinunuliwa chakula hamjui kupika." Halafu akaingia ndani kwa Asumpta.

Nilikuwa nimeingia kumnyonyeshea Asumpta mtoto wake, maana maziwa yake yalikata siku ile. Kwa hiyo nilisikia. Asumpta alimshika Evaline suruali, akamwambia, "Mtani, mimi nataka kumwona uso. Basi. Wakishamfukia sitajua nimezika nini."

"Umewaambia wanaume?"

"Nimewaambia."

"Wanasemaje?"

"Wanatazama viatu."

Nilingoja Evaline aseme jambo la kuchekesha. Alikaa chini kwenye mkeka, akajifuta majivu usoni kwa kiganja, akabaki hivyo mpaka mtoto alipomaliza kunyonya.

Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa sita, mlima wa Matogoro haujaonekana kwa ukungu. Niko bombani naosha nepi, Daimu akaingia uani. Alikwenda moja kwa moja kwa Evaline, aliyekuwa anapiga mswaki.

"Mama Viazi. Bosi anasema leo utani uwe mfupi."

Evaline akatema povu. "Bosi wako anajua utani?"

"Hajui. Ameambiwa kuna mwanamke anafanya fujo kwenye misiba. Mimi ndiye nimemwambia ni mila, basi iwe fupi."

"Nikirefusha?"

Daimu alitazama mlango wa chumba chake. "Una meza sokoni. Una mlango wa mbao."

"Na nyie Wayao," Evaline akasema, "mtani akirefusha mnamfanyaje?"

Daimu alinawa mikono pale bombani, ingawa haikuwa michafu, akaondoka.

Evaline akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na skafu nzito imezungushwa shingoni. Akaniambia, "Mtoto mwache kwa bibi wa nyumba ya tatu. Leo usimbebe." Nilidhani ni kwa sababu ya baridi.

Makaburi yetu yako kwenye mteremko, chini ya miti ya kupandwa. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, wengine wamefuata pilau. Landani alisimama upande wa kichwani mwa kaburi na koti lake na miwani myeusi. Daimu alikuwa nyuma yake na vijana wawili. Asumpta aliketishwa kwenye mkeka upande wa wanawake. Nyumbani alikuwa ametazama zile skrubu tu, sasa alitazama njia ambayo jeneza lingepita.

Jeneza lilipofika njia panda ya kuingilia makaburini, Evaline akatokea vichakani. Amepanda ungo, ameushika kama usukani wa pikipiki. "Brrrruuum! Nipisheni! Nipisheni wala panya!" Alimwiga Selestine vile alivyokuwa anakaa, mgongo umelala nyuma, kidevu juu, mkono mmoja unamsalimia kila msichana. Ilikuwa yeye mtupu. Watu wakacheka huku machozi yanatoka, hata katekista alijificha nyuma ya kitabu. Waliobeba jeneza walisimama, wanacheka na wao, mabega yanatikisika na jeneza nalo linatikisika.

"Na huku chini ya kiti nina nini?" Evaline akauliza, anapapasa makalio. "Mbona kizito hivi? Nimesahau. Nani anajua? Muulizeni Landani!"

Kicheko kikakatika. Mtu mmoja akakohoa. Nilimwona Landani akimgeukia Daimu, akauliza anasemaje yule, na Daimu akamnong'oneza kitu kifupi.

Kabla hatujajua, Evaline alitupa ungo, akakimbia, akashuka kaburini. Tukasikia akijilaza chini, puh. Wanaume wakashusha pumzi, maana hilo ni la kawaida, hilo wanalijua. Mzee Otto akasogea ukingoni.

"Haya mtani, umetuweza. Toka. Kuku wako yupo."

"Kuku sitaki."

"Sabuni?"

"Sijachafuka."

Watu wakaanza tena kucheka polepole, kwa tahadhari.

"Unataka nini basi, Mbena wewe?"

"Nataka kuhakikisha." Sauti ilitoka chini, nzito, kila mtu aliisikia. "Nyie Wangoni nawajua. Mnaweza kunizikia gunia la mihogo humo, mkale pilau, mkasema mtani hakuona. Fungueni. Nikiona ni yeye, natoka bila kuku."

Hapo hakuna aliyecheka. Mzee Otto alibaki ameinama vilevile, mikono magotini. Nikamtazama Asumpta. Alikuwa amepiga magoti.

Landani akaja ukingoni. Akatoa mfukoni bunda la noti, akalitupa mle ndani. "Chukua. Toka."

Tukasikia kutoka chini, "Asante kwa mto. Blanketi je?"

Wanawake walipasuka. Halima wa nyanya, huyohuyo wa jana, alicheka mpaka akamshika jirani yake. Sijui kama Landani aliwahi kuchekwa na watu wengi namna ile. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Mtoe," akamwambia Daimu.

Daimu hakusogea. "Bosi, huyo ni mtani."

"Ni nini?"

"Mtani. Haguswi. Mwache aongee, atachoka mwenyewe."

"Mimi nakulipa uniambie mila?"

"Nionyeshe mtu mwingine yeyote hapa, namshughulikia sasa hivi," Daimu akasema, na alisema kwa heshima kabisa. "Huyo aliye humo ndani, mimi simgusi. Na wewe usimguse."

Landani alicheka peke yake. Alivua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni. Akachukua sepetu lililokuwa limechomekwa kwenye udongo, akashuka.

Sisi wanawake hatukuona. Tulisikia. Lilikuwa pigo moja, kama mtu anapiga godoro, zile sweta mbili. Halafu lingine ambalo halikupata sweta. Evaline hakupiga ukelele. Mikono yake ikatokea ukingoni, kisha kichwa, mdomo umejaa damu, taya limekaa upande. Niliruka nikamtupia kanga, na wenzangu wakanishika kiuno, tukamvuta mpaka akatoka, akalala kwenye nyasi anatukodolea macho.

Ndipo Mzee Otto akaliweka jembe lake chini.

Hakulitupa. Aliliweka, kama mtu anayeweka kitu cha mwenyewe. Kijana aliyekuwa pembeni yake akaweka la kwake. Na mwingine. Nyimbo zilikuwa zimekoma, kwa hiyo kila jembe lilisikika.

"Nini?" Landani akapiga kelele kutoka chini. "Endeleeni! Shusheni!"

Mzee Otto akasema, "Kaburi hili limeharibika."

"Wewe mzee! Mazishi haya nimelipa mimi!"

"Umelipa. Na umeyaharibu. Umempiga mtani kaburini. Leo hatuziki."

Watu wengine baadaye walisema mzee alikuwa shujaa. Mimi nilikuwa karibu, niliona alisema yote yale macho yake yako kwenye jembe. Nadhani alikuwa amepata tu kitu cha kuogopa kuliko anavyomwogopa Landani.

Landani alitaka kutoka. Lakini kaburi letu linachimbwa refu, udongo wa pale ni mwekundu na ulikuwa na umande, na yeye alikuwa na viatu vya ngozi na lile koti. Akishika ukingo unamomonyoka. Alijaribu upande mmoja, akajaribu upande mwingine, anakanyaga koti lake mwenyewe. Akanyoosha mkono juu. "Daimu!"

Daimu alimtazama. Alitazama na wanaume waliokuwa wamesimama kuzunguka, majembe yao yako chini. Halafu akageuka, akatembea mpaka kwenye gari, akawasha, akaondoka nalo. Wale vijana wawili walitazamana, wakalikimbilia gari.

"Nipe mkono!" Landani alimwambia aliyekuwa karibu. Yule akarudisha mikono nyuma. Akamwambia mwingine, naye akafanya hivyohivyo. Ndipo akaanza kutukana kwa Kiingereza, kwa haraka sana, na hakukuwa na mtu wa kumwelewa.

Asumpta alikuwa ameshafika kwenye jeneza. Alikuwa anazungusha skrubu kwa kucha, ukucha mmoja umekwisha kung'oka. Fundi seremala mmoja alimsogeza taratibu, akasema, "Shemeji, nipe nafasi." Akatoa kisu, akafungua moja baada ya nyingine. Kifuniko kilipoinuliwa, watu walirudi nyuma kwa sababu walikuwa wametayarishwa kuona mtu aliyesagwa na lori.

Uso ulikuwa mzima.

Selestine alikuwa amelala kama anavyolala mtu, midomo imekauka kidogo. Hata mkwaruzo wa shavu hakuwa nao. Shingoni tu kulikuwa na mstari mweusi, na mwingine kama huo kwenye kila kifundo cha mkono. Asumpta alimgusa paji la uso. Alimfunga kifungo cha shati ambacho hakikufungwa. Akasema, "Ndiye." Halafu kilio kikamtoka, kile alichokuwa amekibana tangu jana, na wanaume walioshindwa kumtazama jana wakalia naye.

Alipopata sauti alimwambia Mzee Otto, "Baba, mpelekeni hospitali wamwone. Na polisi waitwe kabla huyu hajatoka humo." Mzee Otto akatoa simu yake, akampa kijana apige.

Polisi walimkuta Landani mle mle. Walimtoa kwa kamba. Koti lilibaki kaburini, na kaburi lile halikutumika, wazee walilifukia na kuchimba jingine juu zaidi ya mteremko. Selestine alizikwa baada ya daktari kumaliza, jeneza wazi mpaka mwisho, na kila mtu alipita.

Ningependa kusema mtaa ulimshukuru Evaline. Haikuwa hivyo. Taya lake lilifungwa waya, akawa anakunywa uji kwa mrija. Meza yake ya viazi ilivunjwa, turubai likachanwa, viazi vikamwagwa mferejini. Daimu hajaonekana tena, ila wale vijana bado wapo, na unga bado unatoka mahali. Kesi inaendelea na Evaline ni shahidi. Halima aliacha kumsalimia. Siku moja bombani alinong'ona nisikie, "Ametuletea balaa. Watachoma nyumba nzima kwa ajili ya mtu mmoja." Mwenye nyumba wetu naye alikuja na kofia mkononi, akasema ana mpango wa kukarabati chumba cha Evaline. Chumba kimoja tu, hicho.

Asumpta ndiye alikuja kumchukua akakae kwake. Hakuuliza. Aliingia, akaanza kukunja godoro. Mimi nilimfunga mwanangu mgongoni, nikashika kitanda upande wa miguuni, na tukatoka barabarani mchana, Evaline nyuma yetu na masufuria yake kichwani.

Pale kwenye kibanda cha chipsi vijana walikuwa wamekaa. Mmoja wao, yule aliyekimbilia gari, alinyoosha mguu katikati ya njia.

"Bubu anahama!" akasema. "Tukana sasa, Mbena! Tukana tukusikie!"

Evaline alisimama. Niliona shingo yake inavimba, maneno yamejaa humo na waya umeyafungia. Sijawahi kumwona ameshindwa namna ile.

Asumpta akateremsha upande wake wa kitanda. Asumpta ambaye maisha yake yote aliongea kwa sauti ile ndogo ya foleni ya kliniki. Alimtazama yule kijana kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Kitanda kizito hiki," akamwambia. "Njoo ushike upande huu. Au unasubiri bosi wako atoke shimoni akutume?"

Wenzake wakaangua kicheko. Kijana alinitazama mimi, akamtazama mwanangu, akatazama pembeni.

Kitanda hakushika. Ila alirudisha mguu wake, tukapita.